Tafsiri ya Maji Makavu

Kiangazi kile Khadidja alishindwa hata kununua nyanya kwa amani. Kila alipoinama kuchagua, muuzaji alimshika mkono na kumvuta karibu, kama mtu anayetaka kuambiwa siri ya nyumba ya jirani.

"Mama Khadidja, tuambie sisi tu. Maji makavu ni nini?"

"Sijui, mama. Nipimie nyanya."

"We ndiye uliyesema, halafu hujui?"

Ndiye aliyesema, kweli. Mchana alikuwa mke wa Atumani fundi magari, mwenye kibanda cha vitambaa pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, mwanamke mnene kidogo, mcheshi, asiyependa kuamka mapema isipokuwa kwa swala. Lakini Jumamosi jioni, redio zilipofunguliwa, alikuwa Nyamaso, mwaguzi kipofu anayeishi ndani ya kichuguu katika nchi ya Tarumbi. Sauti yake kwenye mikro ya redio haikuwa sauti aliyouzia vitambaa. Ilitoka chini ya tumbo, nzito na ya polepole, na watoto wa mtaani walipoisikia walijificha nyuma ya mama zao kisha wakachungulia.

Tarumbi haikuwapo popote duniani. Ilikuwa nchi ya mchezo wa redio, nchi ambamo milima huhama ikichukia, mbuzi hutoa ushahidi barazani, na jua liliwahi kuibwa likafichwa ndani ya mtungi. Huko nako kulikuwa na vita, watu wa juu na watu wa bondeni, ila angalau huko ulijua nani alianza, na ulitumaini kuambiwa nani atamaliza. Bujumbura habari za saa moja zilisema "watu wenye silaha" wameua "watu kadhaa" mahali fulani, basi, ukalale. Ndiyo maana watu walihamia Tarumbi kila Jumamosi. Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo nyumba kumi zilikaa kwenye redio moja, Mhutu na Mtutsi na Mkongomani na Mwislamu wa Buyenzi, kimya, wakisubiri Nyamaso aseme.

Na Nyamaso alikuwa amesema hivi:

"Mlango waliofunga wawili, mmoja hataufungua. Wa tatu atakuja miguu mitupu. Siku atakapovuka maji makavu, waliokwenda watarudi, na waliobaki hawatajua kama wacheke au walie."

Kutoka siku ile mji uligeuka darasa. Kwenye nyumba za chai mafundi waliapa kwamba maji makavu ni lami ya saa sita mchana, ile inayometameta kama ziwa ukiitazama kwa mbali. Wanafunzi walisema ni chumvi. Bibi mmoja wa kanisani alisema ni bahari ya kioo iliyo mbele ya kiti cha enzi, na kwamba hakuna atakayeivuka kabla hajafa. Kuhusu wa tatu, watu waliangalia kwanza nani ameketi karibu ndipo waseme. Kuna aliyetaja mkubwa mmoja aliyekwenda kwenye mazungumzo ya amani ya Arusha. Mwenzake akamcheka: "Miguu mitupu? Wale wa Arusha wote wana viatu vizuri!" Chai zikamwagika kwa kicheko, kisha kicheko kikakatika ghafla, kama kawaida ya vicheko vya miaka ile.

Khadidja aliyasikia yote na kuyapeleka nyumbani kumsimulia mumewe. Lilikuwa jambo la kufurahisha, mpaka Spès alipokuja.

Alikuja siku ya kazi, jua likiwa kali, na alisimama mbele ya kibanda bila kugusa kitambaa hata kimoja. Alikuwa mwanamke mrefu, wa umri wa Khadidja au zaidi kidogo, kitenge chake kimepauka lakini kimekunjwa na kufungwa kwa uangalifu. Vumbi lilimpanda mpaka magotini.

"Mama Nyamaso," alisema.

Khadidja alicheka. "Huyo yuko redioni. Mi ni Khadidja. Karibu, kaa, umetoka mbali?"

"Buterere. Nimekuja kwa miguu." Aliketi kwenye kigoda, akapokea maji, akanywa yote. "Mi naitwa Spès. Nakaa kule kwenye maturubai ya waliokimbia vita, na binti yangu Christa. Lakini kwetu ni Gasenyi. Tulikuwa na nyumba ya matofali, na bati."

Khadidja akasubiri swali la maji makavu. Halikuja. Spès alisimulia, bila haraka, kama mtu anayekunja nguo.

Asubuhi moja, mwaka wa tatu sasa, watu wenye bunduki walifika Gasenyi wakitafuta vijana wa kubeba mizigo yao milimani. Mwanawe mkubwa, Régis, alijua kwamba wasipompata wataichoma nyumba. Mdogo, Bonfils, alisema hamwachi kaka yake aende peke yake. Kabla ya kutoka walimwingiza mama yao ndani, wakafunga kwa kufuli upande wa nje, ili watakaopita nyuma wadhani nyumba haina mtu. Régis ndiye aliyeuvuta mlango. Bonfils ndiye aliyezungusha ufunguo, na ufunguo akaenda nao. Tangu siku ile hawakurudi.

"Nilikaa mle mpaka risasi ziliponyamaza," alisema Spès. "Halafu nilitokea dirishani. Viatu vilibaki ndani. Nilifika Buterere miguu mitupu, uliza Christa. Jirani mmoja baadaye alijaribu kuuvunja ule mlango aibe vyombo, ukamshinda. Mlango waliofunga wawili, mmoja hataufungua. Si ndivyo ulivyosema?"

Khadidja alimwongezea maji.

"Na chini ya Gasenyi kuna kijito," aliendelea Spès. "Mvua ikinyesha hakivukiki. Sasa kimekauka, mchanga mutupu na mawe. Nilikuwa nimekaa kwa jirani mwenye redio, nikakusikia. Sikulia. Nilisema tu, Mungu, kumbe ulikuwa unaniangalia muda wote." Akamtazama Khadidja moja kwa moja. "Sikuja kuuliza maana, mama. Maana ninayo. Nimekuja kuuliza siku."

Mtu anayeulizwa hivyo anapaswa kujibu papo hapo. Khadidja alijua hivyo wakati ule na alijua hivyo baadaye. Lakini mbele yake alikuwa ameketi mwanamke ambaye kwa mara ya kwanza, huenda kwa miaka mitatu, alikuwa na jambo la kungojea, na Khadidja hakuthubutu kumnyang'anya.

"Usiende," alisema hatimaye. "Gasenyi haiendeki. Wanajeshi wako upande huu, wale wengine wako upande ule."

"Najua wako wapi. Siku gani?"

"Ngoja Jumamosi. Sikiliza redio Jumamosi."

Spès aliitikia kwa kichwa, akashukuru kwa maji, akaondoka. Khadidja hakuuza tena kitu siku ile.

Alhamisi, siku ya kurekodi, alimkamata mwandishi kabla hajaingia studio. Gélase alikuwa mwalimu wa Kifaransa mpaka shule yake ilipofungwa. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kununua sigara moja moja na kuzivuta mpaka zimchome vidole. Walisimama uani, karibu na jenereta, na Khadidja alimweleza habari ya Spès tangu mwanzo hadi mwisho.

Gélase alisikiliza. Sigara ikamuunguza, akaitupa.

"Sasa niambie," alisema Khadidja. "Maji makavu ni nini?"

"Sijui."

"Gélase, mi si mtu wa sokoni."

"Sijui, shangazi. Wallahi, kama unavyosema wewe. Unakumbuka siku Salvator alipokosa kuja?"

Alikumbuka. Salvator alicheza mfalme wa Tarumbi. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mikono mikubwa, aliyewaletea wenzake mapera ya kwao. Alhamisi moja hakufika. Walimngoja, wakapiga simu, wakauliza. Mtu mmoja alimwona ameshushwa kwenye kizuizi cha barabarani, mwingine alisema amevuka kwenda Uvira, upande wa Kongo. Hakuonekana tena, si siku ile wala baadaye.

"Kipindi kilikuwa kinarekodiwa saa ile ile," alisema Gélase. "Kurasa zote za mfalme zilikuwa hazina mtu. Nikakaa hapa, kwenye hii ngazi, nikaandika kwamba mfalme amekwenda, halafu nikakuandikia wewe maneno ya kujaza nafasi. Nilitaka yawe mazito ili watu wasiulize yuko wapi. Mlango, viatu, maji... niliandika kilichonijia. Kitu kimoja tu nilikitaka kweli, 'waliokwenda watarudi.' Nilidhani Salvator atakuwa mahali fulani ana redio." Akajipangusa uso. "Hayo mengine ni maneno tu. Yanasikika vizuri."

"Yanasikika vizuri," alirudia Khadidja. "Basi kaa kwenye ngazi hiyo hiyo uandike mengine. Mwanamke yule atakwenda kufa."

Gélase aliandika. Walikawiza kurekodi, fundi mitambo akanung'unika, lakini aliandika, na alipompa karatasi Khadidja alisoma mara moja akajua ni kazi bora kuliko zote alizowahi kumpa. Nyamaso anatoka kichuguuni na kuwaambia watu wa Tarumbi: maji makavu ni machozi yaliyokwisha. Hayavukwi kwa miguu. Mtu huyavuka akiwa ameketi, kati ya watu walio hai, siku anapokubali chakula tena. Mwenye kungoja asiondoke alipo, maana aliyekwenda hurudi akifuata sauti, si nyumba. Khadidja aliyasema maneno yale na tumbo lote. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, alisahau kunung'unika.

Alirudi Buyenzi akiwa mwepesi. Usiku alimwambia Atumani, "Nadhani leo tumefanya kitu."

Jumamosi ilipofika Buyenzi ilinyamaza kama kawaida. Saa ikapita. Redio ikapiga gitaa. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, na mwingine, mpaka habari. Hakuna aliyesema neno juu ya Tarumbi.

Jumatatu Khadidja alimkuta Léonce, mkurugenzi wa studio, ameketi ofisini mlango wazi, koti begani kama mtu aliyefika sasa hivi au anayetaka kuondoka.

"Watu wa serikali waliniita Kigobe Ijumaa," alisema Léonce. "Ofisi nzuri, kiti kizuri, Fanta baridi. Wakaweka kanda yako mezani. Wakaniuliza wa tatu ni nani."

"Ukasema nini?"

"Nilisema ni hadithi ya kuchezea watoto. Bwana mmoja akaniambia nchi hii haina hadithi za watoto. Halafu akanifafanulia, mstari kwa mstari. Wawili waliofunga mlango ni fulani na fulani. Wa tatu ni kiongozi wa wale wa milimani, ndiyo maana hana viatu. Maji makavu ni barabara ya kuingia mjini. Na waliokwenda ni wakimbizi, watarudi kudai mashamba." Léonce akacheka kicheko kisicho na sauti. "Ninakuapia, Mama Khadidja, ilikuwa tafsiri nzuri. Yote ililingana. Kama nisingekuwa ninatetemeka ningempigia makofi."

"Kipindi cha Jumamosi kinasema watu wakae walipo. Kirushe hewani hicho kimoja tu. Halafu funga."

"Niliwaambia. Nikasema tumeandika ufafanuzi. Akasema kuufafanua unabii ni kuutaja tena."

"Léonce. Kuna mutu atakufa."

"Kuna watoto wangu pia," alisema Léonce, na hakumwangalia. "Nenda nyumbani. Tafadhali."

Hakwenda nyumbani. Alitafuta kijana wa teksi ya baiskeli, akakaa upande nyuma, akashika kilemba chake, wakashika njia ya Buterere. Mji uliisha, yakaanza mashamba ya mpunga yaliyovunwa, kisha nyumba za udongo zenye alama ya mafuriko ukutani, kisha maturubai ya bluu, mengi, yamepangana kwenye ardhi iliyopasuka ambayo mvua ikija ingegeuka tope.

Alimkuta Spès akianua nguo. Binti yake Christa, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, alikuwa ameketi akichambua mboga za lengalenga. Walimpokea vizuri mno. Christa alikimbia kuazima kiti.

"Jumamosi sikukusikia," alisema Spès. "Nikajua utakuja mwenyewe."

Khadidja alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alipofungua mdomo yalitoka bila mpangilio: kwamba mchezaji wa mfalme alipotea, kwamba mwandishi alihitaji kujaza nafasi, kwamba alikaa kwenye ngazi akaandika kilichomjia, kwamba mwenyewe hajui maana. Kwamba hakuna maana. Christa aliacha mboga akasikiliza. Uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amengoja siku nyingi mtu aseme jambo hili mbele ya mama yake.

Spès hakuonekana kushtuka.

"Wewe ni Mwislamu, labda hii huijui," alisema. "Kuna mutu katika Biblia anaitwa Balaamu. Alikuwa na punda. Siku moja punda akasema maneno ya Mungu. Unafikiri yule punda alijua alichosema?"

Khadidja alijivuta kitini.

"Usikasirike, mama, sikuiti punda," Spès akaongeza haraka, na Christa, masikini, akacheka bila kutaka, na Khadidja naye akacheka, na kwa muda mfupi walikuwa wanawake watatu tu wanaocheka kwenye kivuli cha turubai. "Ninachosema, yule mwandishi wako aliandika asichokijua. Angejua kufuli yangu kutoka wapi? Angejua viatu?"

"Mama, kila mtu hapa amekimbia bila viatu," alisema Christa.

"Na kila mtu alifungiwa mlango na watoto wawili?"

Christa akarudi kwenye mboga zake.

Hapo Khadidja alifanya jambo la mwisho alilokuwa nalo. Aliinuka, akafumba macho kama alivyofanya mbele ya mikro, akaishusha sauti mpaka chini ya tumbo. Akasema yote aliyoandika Gélase: maji makavu ni machozi yaliyokwisha, hayavukwi kwa miguu, mwenye kungoja asiondoke alipo. Nyamaso akasema, na kambi ikamsikia. Watu walitoka kwenye maturubai, wengine na masufuria mkononi. Walikaa chini pale pale walipofika. Mwanamume mmoja mzee alivua kofia. Alipomaliza, kina mama kadhaa walikuwa wakilia kimya kimya, na mtu nyuma alisema "amina."

Khadidja alifumbua macho. Spès alikuwa akitabasamu, kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni zawadi asiyoihitaji.

"Umesema vizuri sana. Lakini haya si ya Nyamaso. Haya ni maneno ya mutu anayenihurumia. Unabii hauhurumii mutu, mama. Unasema, halafu unanyamaza."

"Basi nihurumie mimi," alisema Khadidja kwa sauti yake mwenyewe. "Usiende."

Spès alimshika mikono yote miwili. "Sitakwenda kesho," alisema. "Sawa? Kesho siendi."

Khadidja akalichukua jibu hilo kama lilivyokuja. Alikuwa amechoka, jua lilikuwa linashuka, na kijana wa baiskeli alikuwa akipiga kengele. Aliagana nao, akamwachia Christa kipande cha kitenge alichokuwa amekikunja mkobani, akarudi mjini. Njiani alijiambia kwamba mtu akikubali leo, na kesho atakubali. Maji yalikuwa yamezidi unga, lakini alijiambia hivyo.

Siku zikapita. Redio iliendelea kupiga gitaa Jumamosi, na watu wa Buyenzi walizoea, kama walivyokuwa wamezoea mambo makubwa kuliko hayo. Gélase hakuonekana. Wengine walisema amepata nauli ya kwenda Kigoma. Khadidja aliwatuma wafanyabiashara wa Buterere salamu kwa Spès, na salamu zikarudi. Yuko. Anasalimia.

Kisha mawingu yakaanza kukaa juu ya milima. Kila alasiri yalikuwa meusi zaidi, na wakulima wa mpunga walifurahi, na kila mtu Bujumbura alisema afadhali, vumbi limezidi. Khadidja peke yake aliyatazama kwa hofu, maana alikuwa amefahamu, kwa kuchelewa, kitu alichopaswa kukifahamu siku ile kambini. Spès hakuweza kungoja. Kijito kikijaa, hakuna tena maji makavu. Alisema kesho haendi. Hakusema haendi.

Alimwomba Atumani ampeleke Buterere na gari la mteja lililokuwa gereji. Atumani alisema kesho asubuhi, likishafungwa breki. Lakini asubuhi, kabla breki hazijafungwa, Christa alikuwa tayari amesimama mbele ya kibanda cha vitambaa, mtoto mgongoni, nguo zimelowa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Khadidja alijua kabla hajaambiwa. Alimwingiza nyumbani, akampa kanga kavu, akampokea mtoto.

Spès alikuwa ameondoka juzi yake, watu wakienda kanisani. Alimwachia Christa sufuria na nguo zote isipokuwa alizovaa. Siku iliyofuata watu waliokuwa wakikimbia kutoka Gasenyi walimwona akishuka kijitoni, ameshika ndala mkononi. Walimpigia kelele arudi. Upande wa juu kulikuwa na kikosi cha wanajeshi, upande wa pili vichakani walikuwapo wale wengine, na tangu alfajiri walikuwa wakirushiana risasi. Yeye aliingia kwenye mchanga kana kwamba anakatiza ua wa nyumba yake. Alifika katikati. Hakuna anayejua risasi ilitoka upande gani, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Vijana wawili wa Msalaba Mwekundu walimtoa jioni, maji yakianza kuja. Walimzika pale juu ya ukingo, haraka. Christa alifika baada ya wao kumaliza.

"Niliiona nyumba kutoka kule," alisema. "Iko ng'ambo tu. Bati limechukuliwa. Mlango bado umefungwa."

Khadidja alilia. Christa hakulia. Alikaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, chai ikipoa mbele yake.

"Sikuja kukulaumu," alisema. "We ulimkataza, nilikusikia. Nimekuja kwa sababu nyingine. Niambie maana yake."

"Christa, mwanangu. Nilikwambia ukweli. Ilikuwa mwandishi..."

"Apana. Usinirudishie hiyo. Siku ile nilifurahi uliposema haina maana. Nilifurahi kweli, nikasema sasa atakaa. Leo siiwezi. Kama haina maana, basi mama yangu alikwenda kwenye risasi kwa sababu mutu fulani hakufika kazini. Mi nitaishije na hiyo? Nitamwambia nini huyu?" Alimwonyesha mtoto, aliyekuwa amelala kwenye mapaja ya Khadidja. "Nipe maana yoyote. We si ndiye Nyamaso? Sema kwa sauti ile."

Khadidja alimtazama. Alitaka kumpa. Wallahi alitaka, kama mtu anavyotaka kumpa mgonjwa maji. Akafumba macho, akaitafuta sauti kule ilikokaa. Alianza, "Wa tatu amevuka..." Ilitoka ile sauti ya kuuzia vitambaa. Akakohoa, akajaribu tena. Alisema kwamba wa tatu amevuka, kwamba waliokwenda wamemwona akija na wamekutana naye njiani. Maneno yalikuwa mazuri. Alijisikia akisema uongo, neno kwa neno, na alijua kwamba Christa naye anasikia.

Christa alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Redioni ilikuwa bora," alisema. Kisha akanywa chai yake yote kwa mara moja, akainuka, akamchukua mtoto. Khadidja alimwomba akae, angalau alale, mvua inarudi. Alikataa. Maturubai yalikuwa yanavuja, na vitu vyake alikuwa amemwachia jirani asiyemwamini sana. Atumani alimpeleka na lile gari, breki zikiwa tayari. Aliporudi alisema kwamba Buterere maji yalikuwa yamefika magotini, na watu walikuwa wakihamishia magodoro yao barabarani.

Studio ilipata ruhusa ya kurudisha mchezo miezi mingi baadaye, kwa sharti kwamba Nyamaso awe amekufa. Mwandishi mpya, kijana, alimwua kwa sentensi moja: kichuguu kilimwangukia. Léonce alimwita Khadidja, akampa nafasi nyingine, mwanamke wa sokoni anayegombana na mumewe ili watu wacheke. Alikubali. Gereji haikuwa na kazi, na vitambaa havikuwa vikinunuliwa. Alifanya vizuri, wakacheka.

Mara chache bado mtu alimsimamisha njiani kumuuliza kuhusu maji makavu. Alijibu kwamba hajui, na safari hii wengi waliamini, wakaenda zao.